Maji ya Kiprono na Maji Yangu

Tulimzika Kiprono kule Londiani mwezi uliopita, siku ya ile baridi yao inayoingia kwenye mifupa na kukataa kutoka. Wasifu wake ulisomwa na mpwa wake, na ulikuwa mrefu kweli: shule, kazi ya barabara, kanisa, ng'ombe wa maziwa, ushirika wa viazi. Nilikaa mstari wa tatu nikingoja mwaka mmoja tu utajwe. "Akiwa chuoni alifanya kazi kidogo upande wa Kericho," kijana alisema, akafungua ukurasa. Kidogo! Karibu nisimame nimwambie, wee, rudi hapo kwanza. Lakini mjane alikuwa dada yangu Auma, na Auma hapendi vituko matangani, kwa hivyo nilibaki kitini. Basi kwa kuwa sikusema pale, wacha niseme hapa. Mimi, Akinyi, ni mwalimu wa hesabu chuoni, nywele zimeanza mvi, na watu hufikiri hesabu ni kazi ya mtu mtulivu. Mtulivu wapi. Ule mwaka nilikuwa na wasiwasi hadi meno yaliuma kwa kuyakaza, na hadi leo nikisikia mvua kubwa juu ya mabati naamka na kuwasha taa.

Nilikaa Sosiot, upande huohuo wa Kericho, chumba cha nyuma kwa Bot Chebet, yaani Mama Chebet, mjane mwenye shamba dogo la majani chai na ng'ombe watatu. Chumba kilikuwa cha mbao, na meza yangu ilibeba kompyuta kuukuu iliyonguruma kama posho mill ya kusaga mahindi na kuzimika kila stima ilipopotea, na stima ilipotea kila mawingu yalipokohoa. Kiprono, mwanafunzi mwenzangu, alilala kile chumba kingine kando ya boma la ng'ombe, na chakula tulikula pamoja jikoni: ugali, mboga ya saga ambayo kwetu ziwani tunaiita dek, na mursik, maziwa yao ya kibuyu yenye majivu, ambayo mara ya kwanza nilikunywa nimefumba macho. Kazi yetu ilikuwa hivi. Juu ya bonde, katika shamba moja kubwa la chai, kulikuwa na bwawa la zamani lenye ukuta wa udongo, na chini ya bonde, kando ya mto, ile safu ya nyumba za wafanyakazi ambayo kila mtu huiita laini. Mvua zilikuwa zimekazana, na wenye shamba waliuliza chuo swali moja: ukuta ukipasuka, maji yatachukua muda gani kufika laini? Profesa wetu akatutuma wawili, kila mtu aandike programu yake peke yake, ndiyo majibu yapimane. Sasa dada yangu Auma alifanya kazi kiwandani na aliishi laini hiyohiyo. Profesa hakujua. Mimi nilijua, na Kiprono alijua, kwa sababu hata kabla ya kuja alikuwa ameanza kuniita shemeji bila mtu kumpa ruhusa.

"Na wewe hasa unasomea nini?" Bot Chebet aliniuliza jioni moja, anachambua saga. Nikamwambia nasomea mawimbi ya mshtuko. Akaacha mboga. "Mshtuko? Mtu anasomea mshtuko? Si mshtuko inakuja tu yenyewe?" Kiprono alicheka mpaka mursik ikampanda puani. Nikajaribu kumweleza mama wa watu. Nikamwambia maji hayapotei: yaliyoingia kwenye mtaro ukitoa yaliyotoka, ndiyo yaliyobaki. Hiyo tu ndiyo sheria yetu. Sisi tunalikata bonde vipande vipande kama mkate, halafu kompyuta inahesabu kila kipande kimempa jirani yake maji kiasi gani, na msukumo kiasi gani, tena na tena. Shida ni kwamba maji ya kina kirefu hukimbia kuliko maji ya kina kifupi. Kwa hivyo yale ya nyuma hufikia yale ya mbele, yanapandana, mpaka wimbi linasimama wima kama ukuta unaotembea. Huo ukuta ndio mshtuko. Bot Chebet alifikiri kidogo akasema, "Kama ng'ombe kwa mlango ya tip." Alimaanisha dip, ile ya kuogeshea ng'ombe, maana kinywani mwake d na t zilikuwa mapacha. Na alikuwa sawa kabisa. Wa nyuma hajui wa mbele amesimama.

Wiki ya nne hivi majibu yakatoka, na hapo ndipo usingizi wangu uliisha. Maji ya Kiprono yalifika laini baada ya karibu nusu saa. Maji yangu yalifika baada ya kama nusu ya hiyo. Mto uleule, ukuta uleule, bonde lilelile! Tulibadilishana vipimo, tukakagua kina, tukakagua mteremko, hakuna kosa. Na kibaya zaidi, picha yake ilikuwa nzuri. Wimbi lake lilishuka bondeni nyororo, safi, kama shuka iliyopigwa pasi. Langu lilikuwa na makunyanzi. Nyuma ya ule ukuta wa maji palikuwa na vimawimbi vya uongo vinavyotetemeka, na mahali pamoja kompyuta yangu ilidai kina cha maji ni chini ya sifuri. Meneja wa shamba, Bwana Maritim, alipoona mchoro wangu aliinamisha kichwa. "Sasa madam, hii maji inaenda chini ya mto aje?" Nikaeleza kwamba njia niliyotumia huwa inatetemeka ikikutana na kitu cha ghafla, kwamba makunyanzi ni uongo lakini mwendo wa wimbi ni wa kweli. Hata mimi nilijisikia nikisema na sikujiamini. Profesa naye kwa simu ya ofisi ya meneja alisema mchoro wa Kiprono unaonekana kukomaa zaidi. Kukomaa! Kana kwamba ni ndizi.

Ngoja nieleze kwa nini tofauti hiyo ilikuwa kitu cha kufa na kupona. Nyuma ya laini kulikuwa na kilima kikali cha matope ambacho hata mbuzi wangefikiria mara mbili. Njia ya kutoka ilikuwa moja, daraja la mbao, unavuka mto unapanda upande wa pili hadi kanisani. Mpango wa Bwana Maritim ulikuwa king'ora cha kiwanda kilie, watu wavuke. Kwa maji ya Kiprono, mama mwenye mtoto mgongoni anavuka na bado ana nafasi ya kurudi kufunga mlango. Kwa maji yangu, king'ora kinawaita watu wote waje kusimama darajani wakati ukuta wa maji unafika. Yaani mpango wenyewe ndio ungewaua. Njia pekee ilikuwa watu wahame laini mapema, kabla ya tone kuvuja, wakae kanisani na shuleni mpaka mvua ipungue. Nani angehamisha watu wote hao kwa ajili ya mchoro wenye makunyanzi wa msichana mmoja kutoka ziwani? Nilikwenda kwa Auma Jumapili moja, akanipikia omena na kunimiminia chai. Nikamwambia ahame. Akanitazama kama mtu anayetazama mtoto mwenye homa. "Kiprono anasema kuna wakati wa kutosha." "Kiprono anaweza kukosea." "Na wewe je?" Nikainua kikombe. Kupitia ukuta wa nyumba, jirani alikuwa anamwambia mwenzake kwamba mumewe alipita kule juu, na ule ukuta wa bwawa unatoa jasho chini, kidogo kidogo, maji meupe. Mwenzake akasema hayo ni maneno tu, kuna watu wanazitaka hizi nyumba zetu. Nikaweka kikombe chini.

Leo wanafunzi wangu wana vitabu vizuri na kompyuta zinazotosha mfukoni, na wakiniuliza kwa nini kila muhula nawalazimisha kujaribu hesabu zao kwa maji halisi, nawaambia ni desturi. Si desturi, ni woga. Wazo lenyewe la kujaribu lilitoka kwa Kiprono, na hilo lazima lisemwe wazi. Angeweza kunyamaza. Meneja alikuwa upande wake, profesa upande wake, hata Auma, aliyempenda, upande wake. Lakini Jumamosi moja asubuhi alikuja mlangoni kwangu na gata ndefu ya bati begani, mpya, ambayo Bot Chebet alikuwa ameinunua sokoni Kiptere kukingia maji ya paa. "Shemeji, toka nje. Leo tunaangalia ni nani mwongo." Tuliilaza gata juu ya mawe, mteremko mdogo, tukatia kibao katikati kama lango. Juu ya kibao tukajaza maji. Chini yake tukaacha maji kidogo tu, kama mto unavyokuwa kabla ya balaa. Bot Chebet alisimama mlangoni, mikono kiunoni. "Hiyo maji ya tangi ni ya kupika, si ya kucheza! Na hiyo gata ikipinda mtanunua ingine!"

Kiprono akavuta kibao. Sitasahau. Nilikuwa nimeandika kuhusu ukuta wa maji miezi mingi lakini sikuwa nimewahi kuuona. Ulikuja mdogo, urefu wa kidole, lakini wima kabisa, na povu kichwani, na kelele yake ndogo ya kukoroma. Ulifika mwisho wa gata kabla sijamaliza kuvuta pumzi. Tukarudia. Tukarudia tena, yeye na saa yake ya mkononi, mimi nikipiga makofi maji yakifika mwisho, mpaka tangi la mama likaanza kulia tupu. Halafu tukaingia ndani tukaziambia programu zote mbili zihesabu gata badala ya bonde. Yangu ilikuja na makunyanzi yake yote, mbaya kama kawaida, na ikafika pamoja na maji. Yake, safi, laini, ikachelewa. Ikachelewa vibaya. Kiprono alivuta kiti, akachukua karatasi, akaanza kuandika milinganyo yake kutoka mwanzo, na mimi nikasimama nyuma yake nikiuma kucha. Baadaye kalamu ikasimama. "Niligawanya," akasema.

Hili kosa mtu wa nje hawezi kulifanya, ni la sisi tu. Mlinganyo wetu wa pili unahesabu msukumo wa maji, yaani kina mara mwendo, na ni mrefu, unachosha. Lakini ukiugawanya kwa kina, na kukatakata hapa na pale, unabaki na mlinganyo wa mwendo peke yake, mfupi, mtamu, unaotoshea mstari mmoja. Na kwa maji matulivu yanayopanda na kushuka polepole ni kitu kilekile, hakuna mtu anayeweza kuona tofauti. Shida ni kwenye ukuta. Pale ukutani kina hakipandi polepole, kinaruka. Ukigawanya mahali kitu kinaporuka, unakuwa umeandika sheria nyingine bila kujua. Programu ya Kiprono iliendelea kutunza kwa uaminifu nguvu ambayo wimbi la kweli huimwaga kwa povu na kelele, na ikaacha kutunza msukumo ambao wimbi la kweli haliwezi kuupoteza. Kwa hivyo ukuta wake ulitembea, ulipendeza, na ulikuwa na mwendo wa uongo. Nilitaka kuruka kwa furaha. Haki ya Mungu nilitaka. Halafu nikakumbuka maana ya kushinda kwangu ni nini, nikaketi chini kwenye kitanda.

Baraza liliitishwa Jumatatu, kwenye banda la kupimia majani, mvua inanyesha. Watu wa laini walijaa, wengine na mifuko ya nailoni kichwani, akina mama na watoto mgongoni, vijana wamekaa juu ya mizani. Bwana Maritim alieleza kwamba wataalamu wamebadilisha mawazo, kwamba huenda watu wakahama kwa muda. Kelele ikaanza hapohapo. Kuhama kwenda wapi? Kuku wataenda kanisani? Na nyumba zikichukuliwa? Meneja akamwita Kiprono aeleze. Kiprono akasimama, kofia mkononi, na badala ya kuzungukazunguka akasema kama alivyoniambia mimi. "Wazee wangu, akina mama, ile hesabu ya kwanza ilikuwa yangu na ilikuwa mbaya. Niligawanya." Nyuma kabisa mtu mmoja, mvua ikimziba masikio, akapiga kelele, "Ati nini? Wamegawana?" Basi moto ukawaka. Wamegawana! Neno likapita banda zima kabla sijageuza shingo. Wamegawana pesa za kuhamisha watu! Ndiyo maana wanataka tutoke! Mzee mmoja aligonga mizani kwa fimbo. "Mligawana na nani? Sema hapa!" Nilimwona Bwana Maritim anatafuta mlango kwa macho. Nilifikiri, haya, neno moja limeteleza kidogo tu, na watu wote hawa watabaki pale chini.

Kiprono akainua sauti, na kwa mara ya kwanza nikamwona mtu mpole amekasirika. "Sikugawana na mtu! Sijapata hata shilingi ya soda! Niligawanya hesabu, kitu ambacho hakigawanywi, nikawaambia mna wakati na hamna. Kosa ni langu. Huyu Akinyi alisema ukweli tangu mwanzo na mimi nikamcheka." Banda likapoa kidogo, lakini nyuso zilikuwa bado zimefungwa. Akatazama huku na huku mpaka akamwona Auma kando ya nguzo. "Auma yule pale mnamjua. Mnajua pia vile mimi nampenda, msijifanye." Watu wakaanza kuguna. "Mimi mwenyewe nilimwambia akae. Leo namwambia atoke. Na asipotoka, mimi naenda kubeba kitanda chake sasa hivi." Mama mmoja akapiga kigelegele cha mshangao, na kicheko kikapasuka. Mwanamume kubeba kitanda cha msichana ambaye hajamwoa, mchana, mbele ya watu! Hata mahari haijatajwa, hata wazee hawajaonana! Auma alijifunika uso kwa leso. Lakini Kiprono alikuwa tayari anatembea kwenye mvua.

Nami nilimfuata, na nusu ya banda ikafuata, kwanza kwa kuona sinema ya bure. Aliingia nyumbani kwa Auma, akakitoa kitanda, mbao za pembeni na godoro, akajitwika kichwani na kuelekea daraja. Aliteleza mara nyingi. Watoto walimshangilia. Yule mzee wa fimbo alisimama mlangoni kwake akiangalia, kisha akasema kwa sauti ndogo, na nilimsikia kwa sababu nilikuwa karibu, "Mtu hawezi kujiaibisha hivyo kwa uongo." Akaingia ndani, akatoka na sufuria na redio. Baada ya hapo walianza kutoka mmoja mmoja, wananung'unika, wanatukana, wanabeba. Kabla giza halijaingia laini ilikuwa tupu isipokuwa kuku.

Na bwawa halikupasuka. Ndiyo, nasema hivyo tu, halikupasuka. Watu walikaa kanisani na shuleni wiki nyingi, wakibanana, wakigombana juu ya kuni, watoto wakikohoa. Wenye shamba walipunguza maji kwa mabomba, na kiangazi kilipokuja katapila likaukata ule ukuta taratibu. Sokoni Kiptere waliniita Bi Mshtuko, na Kiprono walimwita Kitanda. "Bi Mshtuko, iko wapi?" wauza nyanya waliniuliza, na mimi nilicheka nao huku ndani nikiwaka. Nitasema kitu ambacho sijawahi kusema. Laini ilipokuwa tupu, nilisali bwawa lipasuke. Nyumba ziende, sawa, mradi maji yafike kwa wakati wangu na watu waone. Miaka yote hii nimeendesha hesabu ile upya kwa kompyuta bora, kwa njia zisizo na makunyanzi, na kila mara jibu ni lilelile. Lakini hesabu juu ya hesabu si maji.

Basi Londiani, siku ya mazishi, watu walipokuwa kwenye foleni ya chakula, Auma alinivuta kando nyuma ya hema. Macho yalikuwa yamevimba lakini sauti ilikuwa imara. "Akinyi, nikuulize kitu, na usinijibu kialimu. Lile bwawa lingepasuka, maji ya nani yangefika?"

"Yangu," nikasema. "Kwa kipimo cha sasa, hata mapema kidogo."

Akaitikia kwa kichwa polepole. Nikangoja aseme kitu kuhusu mumewe, kuhusu kosa lake, na nilikuwa tayari kumtetea. Badala yake akaniuliza, "Wale vijana wawili warefu waliobeba jeneza mbele, uliwaona?"

"Niliwaona. Ni wa ushirika?"

"Ni Opiyo na Odongo. Mama yao alikaa ile nyumba ya mwisho kabisa, kando ya daraja. Ule mwaka walikuwa bado wananyonya, naye aliwavusha daraja siku ile ya kitanda." Akajifuta uso kwa kiganja. "Wametoka Kisumu alfajiri. Hakuna mtu aliyewaita."